Blanketi la Shaba

YAH: SHAWA YA NYUMBA NA. 3 KUTOTOA MAJI YENYE JOTO LA KURIDHISHA

Hicho ndicho kilichokuwa kichwa cha barua ambayo Yusta, afisa ugani wa kata, aliipeleka ofisi ya majengo mwezi wa sita mwaka jana. Alikipigia mstari kwa rula, kwa sababu barua ya serikali isiyopigiwa mstari husomwa kama salamu za Krismasi. Majibu yalirudi baada ya siku kumi na tisa. Ofisi ilimpongeza kwa moyo wa kulinda mali ya umma, kisha ikamtaka afafanue neno "kuridhisha."

Igowole, huku nyanda za juu zenye baridi, mwezi wa sita mtu hunawa uso kwa nia tu. Kwa mwili wake mwenyewe Yusta asingeandika hata mstari mmoja. Aliandika kwa ajili ya mama yake.

Esnath alikuwa amehamia kwa binti yake kutoka Madibira, ambako alipandikiza mpunga miaka thelathini akiwa ndani ya maji hadi magotini. Miguu ilikuwa imevimba, na moyo ulikuwa unaanza kuchoka. Daktari alisema kwa lugha nyepesi: mwili mzima upate maji ya moto asubuhi na jioni, baridi isimshike, la sivyo msije kunilaumu. Kila asubuhi midomo ya mama ilikuwa ya zambarau, na kila asubuhi Yusta aliikagua kabla hajamwamkia.

"Mwanangu," Esnath alisema siku ya kwanza alipotoka bafuni, meno yakigongana, "hii shawa inanililia tu. Mkojo wa mbuzi una joto kuliko haya."

"Mama!"

"Nimefuga mbuzi. Najua ninachosema."

Walijaribu kuchemsha maji jikoni. Sufuria lilitoka jikoni likitokota, likafika bafuni vuguvugu. Ni hatua saba. Yusta alizihesabu mara mbili, kisha akaacha kuhesabu. Beseni la chumbani lilitosha miguu, halikutosha mgongo.

Hatimaye ikaja kamati ya watu watatu. Ilitia mikono chini ya shawa kwa zamu na kuandika muhtasari wa kurasa nne. Wajumbe wawili waliona maji ni "vuguvugu." Wa tatu aliona ni "vuguvugu linaloelekea baridi," akaomba maoni yake yaingizwe kama yalivyo. Chini kabisa katibu aliandika kwamba ukuta wa bafuni ulionekana unapumua. Kisha akalikata neno hilo, akaandika "una unyevu."

Fundi aliruhusiwa Alhamisi moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya sakitu. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, na kata nzima ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa chumvi. Fundi mwenyewe, Liberatus, alikuwa mtu wa maneno mengi na vidole tisa.

"Cha kumi nilimwachia umeme, Makambako," alimwambia Esnath, ambaye alikuwa amejikunja kwenye kochi na mablanketi matatu. "Tukawa tumemalizana."

"Usimalizane naye humu ndani, mwanangu," Esnath alijibu. "Mimi bado sijaoga."

Liberatus alianza na yaliyo rahisi. Alifunga koki nusu ili maji yapite polepole, maana maji yakikimbia hayapati muda wa kushika moto. Yalitoka vuguvugu. Alifungua shawa, akachomoa chujio, akapiga brashi ukoko wa chokaa wa mwaka mzima. Vuguvugu. Alibadilisha elementi, ile koili ya kuchemshia maji, akaweka mpya kutoka kwenye boksi. Vuguvugu. Alipima umeme, ulikuwa wa kutosha. Alifuata waya hadi kwenye breka, ulikuwa mnene unavyotakiwa. Alirudi bafuni, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaitazama ile shawa kama mtu anayedanganywa na mtoto wake.

Kisha akazima swichi kuu, akashika waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Akauachia upesi.

"Dada, hebu shika hapa."

"Mimi?"

"Haukurushi. Nimeshazima kila kitu. Shika."

Yusta alishika. Ule waya wa shaba ulikuwa na joto. Halikuwa joto la chuma kilichounguzwa na umeme. Lilikuwa joto la kwapa. Na ndani yake kulikuwa na kitu kinachogonga, taratibu, kikipumzika, kikigonga tena.

"Unapiga," alinong'ona.

"Ni umeme uliobaki," alisema Liberatus, ambaye alijua vizuri kwamba hakuna kitu cha namna hiyo.

Waliufuata hadi nje, nyuma ya bafuni, mahali fimbo ya ethi ilipopigiliwa ardhini. Bustani yote ilikuwa nyeupe. Lakini kuizunguka ile fimbo palikuwa na kiraka cha majani mabichi, hakina chembe ya sakitu, na kuku wote wa jirani walikuwa wamelala juu yake wakiwa wamefumba macho. Urefu wa kiraka ulikuwa urefu wa mtu mzima aliyelala ubavu.

"Aliyepigilia hii alipata raha," Liberatus alisema, akifukuza kuku. "Udongo kama uji. Sasa nimekuelewa. Joto lako lote linanywewa hapa. Tukikata huu waya, maji yatachemka."

"Si hatari?"

"Kwa kanuni ni hatari. Kwa mama yako ni dawa. Nitakuwekea mwingine upande wa pili, kesho."

"Kamwene," sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa Tekla, jirani, mama wa umri wa kustaafu ambaye alikuwa akiuza ulanzi, pombe ya mianzi, ng'ambo ya ua. Hakungoja kuitikiwa. Alikuwa ameona koleo mkononi mwa fundi.

"Msiuguse huo waya."

"Kwa nini, mama?" Yusta aliuliza.

Tekla aliangalia kiraka, si wao. Alisema kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu.

"Hapa palikuwa kwa Amos. Kabla ya nyumba za serikali. Mwaka mmoja sakitu iliua viazi vya kijiji kizima, ikaruka shamba lake. Watu wakasema ndiye anayeituma. Wakamvua nguo wakamfunga hapa. Walimpiga kwa mipini ya majembe, mpaka mbavu zikawa zinaitika. Akakataa kukiri. Basi akamwagiwa maji, sakitu ikiwa inashuka. Kulipokucha alikuwa mgumu kama ubao. Alizikwa hapohapo, hata gunia hakufunikwa."

"Wewe umeyajuaje?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Mimi nilibeba ndoo."

Kuku mmoja alirudi kimyakimya, akalala pale pale.

"Baada ya hapo, kila kipupwe aliingia nyumba ya mtu kutafuta joto. Tumezika watano. Umeme ulipokuja, fundi akapigilia hiyo fimbo bila kujua, ikamfikia. Tangu siku hiyo ametulia. Huo waya ndio blanketi lake."

Liberatus alicheka, ingawa alichelewa kidogo. "Mama, ulanzi wa leo umechacha lini? Ethi huwekwa kwa kanuni za serikali. Marehemu hawamo kwenye kanuni."

Yusta aligeukia dirisha. Kupitia kioo alimwona mama yake kwenye kochi. Kichwa kilikuwa kimelala upande. Midomo haikuwa ya zambarau tena, ilikuwa ya majivu. Alifikiria wale watano ambao hakuwajua. Alifikiria huyu mmoja.

"Kata," alisema.

Koleo likalia mara moja. Tekla akajifunika uso kwa khanga.

Maji yalichemka. Liberatus aliporudisha swichi kuu na kuwasha shawa, mvuke ulijaa bafuni hadi kioo kikapotea, na Esnath alipoingia alipiga kelele ya furaha ambayo Yusta hakuwa ameisikia tangu baba yake alipokuwa hai.

"Mwanangu! Yanaunguza! Yanaunguza vizuri!"

Akaanza kuimba wimbo wa kanisani, ule wa mavuno, kwa sauti ya kwanza na ya pili kwa zamu. Yusta alikaa sebuleni akalia kidogo, kwa kujificha. Liberatus alikuwa anakunja waya zake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeanza kutoboa ukungu.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

"Yusta," mama aliita kutoka ndani, kwa upole. "Asante kwa kunikanda mgongo. Lakini mbona mikono yako ya baridi hivyo?"

Yusta alikuwa sebuleni. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Halafu pigo la kwanza likatua.

Lilikuwa na sauti ya mpini wa jembe kwenye gunia la mahindi. Esnath hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu. La pili. La tatu. Kitu kilivunjika, kikavu, kama kuni.

Yusta aliuvamia mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani na kitasa kilikuwa kinaunguza kwa baridi. Liberatus aliupiga teke mara mbili, ukang'oka, akaingia mbele.

Alitoka kinyumenyume. Alitoka miguu ikiwa hewani. Aligonga ukuta wa sebule kwa kisogo na kuanguka kifudifudi, na alipoinua uso, taya lake lilikuwa limehamia upande wa sikio. Macho yalikuwa yanauliza swali. Mdomo haukuweza tena.

Yusta akaingia.

Mvuke ulikuwa mzito. Ndani yake mama yake alikuwa wima, miguu haigusi sakafu. Hakuna aliyemshika. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia vibaya, umevunjika juu ya kiwiko. Ubavu ulikuwa unabonyea. Hakuna kilichougusa, lakini ulibonyea, ukarudi, ukabonyea tena, na kila ulipobonyea mbavu ziliitika. Maji yanayochemka yalimwagika juu ya nywele zake. Nywele zilikuwa zinaota barafu.

"Mwache!" Yusta alipiga kelele. "Si yeye! Hakuwepo! Yeye ni wa Madibira!"

Kikageuka. Hakukiona. Alijua tu kwamba kimegeuka. Pigo likamvunja mtulinga na kumlaza chini, la pili likatua mgongoni, na kwenye sikio lake, karibu sana, mtu akatetemeka. Meno yaligongana. Hayakuwa meno yake.

"Mrudishie!" Tekla alikuwa anapayuka nje. "Mrudishie waya wake!"

Yusta alitambaa. Alipita juu ya miguu ya Liberatus, akatokea mlango wa jikoni, akazunguka nyumba kwa magoti na mkono mmoja.

Kiraka kilikuwa cheupe. Kuku walikuwa wamekufa juu yake, wagumu, macho yamefumba vilevile. Fimbo ya ethi, iliyokuwa imezama yote, sasa ilisimama nje ya udongo hadi usawa wa kiuno cha mtu. Ilikuwa imesukumwa kutoka chini. Kwenye shaba kulikuwa na alama za viganja, moja juu ya nyingine, zikipanda.

Alishika waya kwa mkono mzima, akaukamata pamoja na fimbo kwa kiganja kitupu. Ngozi ikaganda kwenye chuma. Alizungusha mara moja, mara mbili, mara tatu, akauvuta mkono, na ngozi ya kiganja ikabaki pale. Hakusikia maumivu. Alisikia fimbo ikianza kushuka. Ilishuka polepole ndani ya udongo, bila mtu kuigonga, kama shuka inavyovutwa na mtu aliyelala.

Ndani kukawa kimya.

Esnath alikuwa ameketi sakafuni chini ya shawa. Maji bado yalikuwa yanatoka, na yalimbabua Yusta mkono alipounyoosha kumgusa. Alimgusa. Alikuwa mgumu kama ubao.

Maafisa waliokuja waliandika. Fomu ya kifo ilikuwa na visanduku vinne, na hakuna kilichofaa, kwa hiyo daktari, kijana mwenye heshima, alichagua "shoti ya umeme" kwa sababu mwili ulikutwa bafuni na waya ulikutwa umefungwa vibaya. Alipouliza mbavu kumi na moja zilivunjikaje, aliambiwa aandike "alianguka." Alipouliza alianguka mara ngapi, aliambiwa kikao kimefungwa. Liberatus alifungwa taya kwa nyaya miezi miwili. Lilipofunguliwa, alisema hana la kuongeza. Tekla hakuitwa. Muuza ulanzi si shahidi.

Mwili ulirudishwa Madibira kuzikwa. Wanawake waliomwosha walikuta mkono mzima umejikunja mbele ya kifua, ukikumbatia nafasi tupu yenye upana wa mtu, na hata uliovunjika ulikuwa umefika kuusaidia. Walijaribu kuinyoosha kwa maji ya moto, kwa mafuta, kwa nguvu. Haikunyooka. Fundi seremala alipima, akapima tena, akatengeneza jeneza la upana wa watu wawili. Wanaume sita waliolibeba walisema lilikuwa na uzito wa watu wawili.

Esnath hakuuawa na umeme. Aligandishwa hadi kufa, saa nne asubuhi, chini ya maji yanayochemka.