Presha ya Oili Ilinipokonya Jicho na Ndugu

Nina miaka thelathini na tisa, ni fundi wa magari hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na jicho langu la kushoto halioni tena. Wengi hudhani ni vita vya kwetu Uvira, Kongo. Hapana. Vita nilivipita mzima. Jicho hili alinitoa mdogo wangu wa tumbo moja, mchana kweupe, mbele ya watu... kwa sababu ya injini!

Nitamwita Bahati. Ufundi nilimfundisha mimi. Bwana mmoja wa Area 25, Lilongwe, alituletea gari la Kifaransa la zamani sana, la marehemu baba yake, akataka lingurume tena kama alivyolisikia utotoni. Tulifumua injini yote. Krankshafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, tukaipeleka mjini kuchongwa, naye bwana akanunua kusineti mpya, vile vibamba laini vinavyoibeba krankshafti ikizunguka. Ikishachongwa inakuwa nyembamba, kwa hiyo lazima ipate kusineti nene zaidi. Ukirudisha za zamani inacheza, na oili inapita ovyo.

Siku ya kufunga, malaria ilinilaza. Bahati alifunga peke yake. Jioni alikuja kitandani kwangu, mikono bado ina oili, akaniambia amemaliza na ameomba.

Hapa lazima niwaeleze... Baba yetu, aliyekuwa fundi Uvira, alituachia desturi. Anayefunga injini upande wa chini huweka kiganja kwenye bloku na kumwambia Mungu kwamba kazi ni safi. Baada ya hapo, kufungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ni kumwambia ndugu yako kuwa amemdanganya Mungu. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kuthubutu.

Gari likawaka vizuri. Injini ikiwa baridi, presha ya oili ilikuwa juu. Ikishapata moto, sindano ya geji inashuka na taa nyekundu inawaka. Nikaazima geji ya lori. Ikashuka vile vile. Nikafungua valvu ya presha, springi yake nzima. Pampu ya oili ya gari hilo iko nje, nikaishusha, nikaikagua, haina kasoro. Kila mahali nilitafuta isipokuwa kule chini! Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, nami nilikijua. Lakini ningemtazamaje mdogo wangu usoni?

"Grand, ile geji njo inadanganya," Bahati aliniambia, akiniita kaka kwa Kifaransa cha kwetu. "Moteri iko sawa. Tutie oili nzito, basi."

Tukatia oili nzito. Taa ikazimika, nami nikajilazimisha kuamini.

Bwana akataka tulijaribu hadi Nathenje, nje ya Lilongwe. Akaja na wapwa zake wawili, mimi na Bahati tukabanana nao nyuma. Tulipokaribia soko, injini ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Nikapiga kelele asimame. Hakuwahi. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilikatika ikatoboa bloku, oili ya moto ikaruka hadi kwenye kioo, moshi ukatufunika. Gari likaserereka mtaroni, mpwa mmoja akapasuka paji la uso.

Sasa sikuwa na budi. Nikaingia chini ya gari, nikafungua sampo huku oili ikiniunguza mikono, nikalegeza kifuniko kimoja... Mungu wangu! Kusineti zilikuwa za zamani. Nilizijua, maana niliziwekea alama ya msumari siku nilipozitoa.

Nikatoka nazo mkononi. Bwana akauliza nani amezifunga. Nikamgeukia Bahati, nikingoja aseme. Akaninyooshea kidole. Akasema ni mimi. Akasema siku ile yeye ndiye aliyekuwa amelala na malaria.

Malaria yangu! Ndugu msomaji, umewahi kuibiwa hata ugonjwa wako?

Sijafungua mdomo, Bahati akanipiga na spana ya magurudumu. Yeye ndiye aliyeanza. "We mwizi, unatupakaza haya," alisema. Wapwa wakamfuata, kisha watu wa sokoni nao wakaja na mateke, mawe na fimbo. Nilisikia mbavu zangu zikivunjika. Nilimeza meno yangu na damu. Niliwaona wengi, lakini pigo lililochukua jicho lilikuwa la Bahati. Nililiona likija, na uso wake nyuma yake. Alikuwa analia huku akipiga.

Nilizinduka hospitalini. Wiki kadhaa baadaye, mtu wa Dowa alifika kambini kumtafuta Bahati ili amshukuru. Ana gari kama lile, krankshafti yake nayo imechongwa, na Bahati alimfungia kusineti mpya, akamwambia anaanza karakana yake mwenyewe. Kumbe alitaka kuanza na jina zuri... akalijenga kwa vifaa vya mteja wangu na damu yangu!

Yule bwana aliposikia, alikuja kuniomba radhi, akanitaka twende polisi. Mama yetu alipiga magoti mbele yangu.

"Batoto bangu banabakia babili tu," alisema. "Ukimufunga huyu, miye nitabakia na nani?"

Nilimjibu kwamba atabaki na mimi. Akainuka, akajipangusa magoti.

Nilikwenda, nikasema yote. Bahati yuko gerezani. Je, nilikosea? Mbavu zangu zinasema sikukosea. Usiku wangu sijui unasema nini.

Wenzangu, mafundi na msio mafundi, nawasihi. Taa nyekundu ikiwaka, msizunguke mkikagua mahali ambapo hakuna mtu atakayekasirika. Fungueni pale mnapoogopa, tena mapema, wakati kinachoharibika bado ni chuma tu. Mimi nilimstahi ndugu yangu hadi akaniua nusu.

Mama yangu tunakaa naye nyumba moja. Kila siku ananiandalia nsima, ugali wa huku, anaifunika vizuri, ananiletea maji ya kunawa... halafu anachukua sahani yake na kwenda kula nje.