Mche Uliovuka Songwe

Kama si yule mvuta mkokoteni wa viazi aliyekuwa akipiga kelele "Mzigo! Mzigo!" huku haangalii mbele, Kalista angepita soko la Mwanjelwa siku ile kama apitavyo siku zote: haraka, mabuti ya mvua miguuni, koti la kazi limefungwa hadi kidevuni kwa baridi ya Mbeya. Lakini mkokoteni ulimgusa kiwiko, kindoo cha plastiki kikamtoka mkononi, mfuniko ukaruka, na viwavi wakamwagika juu ya satini nyeupe iliyotandazwa kwenye meza ya fundi cherehani.

"Mungu wangu, funza!" mteja mmoja aliruka kando.

"Msiwaue! Jamani, msiwaue!" Kalista alilia. "Hao wana kibali!"

Watu wakaangua kicheko.

"Funza ana kibali!" alisema dereva wa bodaboda akijipiga paja. "Mimi na pikipiki yangu nasumbuliwa kila kona, kumbe funza anatembea na kibali!"

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa kijana mrefu, shati la drafti limenyooshwa vizuri, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alichukua kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akainama, akaanza kuwachota wale viwavi mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayeokota shanga.

"Dada, huyu ndiye mkubwa wao?" aliuliza. "Maana ananiangalia vibaya."

Kalista, aliyekuwa karibu kulia, alijikuta anacheka. "Ni viwavi wa mahindi. Nimewatoa mashambani huko Chimala, nawapeleka maabara wakiwa hai. Mdudu wa namna hii hasafirishwi hivihivi, kaka. Kibali lazima kiseme katoka wapi na anakwenda wapi."

"Na mtu akitaka kumsindikiza mwenye viwavi mpaka stendi, kibali anachukua wapi?"

"Kwa mwenye viwavi."

"Basi naomba. Naitwa Ambokile."

Kalista alikuwa afisa wa afya ya mimea. Kazi yake ilikuwa kukagua vinavyoota na vinavyovila: miche ya parachichi, mbegu za viazi, maua ya kwenye makopo, na wadudu wanaojificha chini ya majani. Rafiki zake walizoea kumtania kwamba mwanamume atakayemposa itabidi kwanza apuliziwe dawa. Ambokile hakuogopa. Wiki ile ile alimshonea gauni la kitenge cha bluu lenye mikono mipana na maua ya njano, likamkaa Kalista mpaka walinzi wa ofisini wakamwamkia mara mbili.

Simu nazo hazikukatika.

"Afisa wangu, umekula?"

"Nimekula, fundi. Wewe?"

"Nashona gauni la bibi harusi wa watu. La bibi harusi wangu sijapewa vipimo."

"Vipimo vyangu si unavyo?"

"Ninavyo vya kiuno. Vya moyo bado unanizungusha."

"Moyo unakaguliwa kwanza. Subiri foleni."

"Niko foleni tangu siku ya viwavi, mpenzi. Nimeota mizizi."

Mama yake Kalista aliishi Iringa, Kihesa, kwenye nyumba yenye kibustani nyuma ya jiko. Alimpigia bintiye kila Jumapili baada ya misa. "Kamwene, mwanangu. Huyo fundi wa Kinyakyusa nitamwona lini, au ni wa kwenye simu tu?" Wakakubaliana: mwisho wa mwezi watapanda basi wote wawili waende wakamwone.

Kabla ya safari hiyo, Ambokile alikwenda kumuaga bibi yake. Bibi aliishi ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, lakini kwa ukoo wa Ambokile ule mto haukuwa mpaka. Ulikuwa mahali pa kufulia. Nusu ya ndugu walizaliwa huku, nusu kule, na walivuka kwa mtumbwi wa binamu kwenda kuzika, kucheza ngoma, hata kuazima chumvi.

Katika ukoo huo palikuwa na desturi moja. Kijana akipata mchumba, bibi huchimba mche wa mgomba shambani kwake, kijana akaupeleka kwa mama wa binti. Haombi wala haelezi chochote. Mche hausindikizwi na maneno, ndivyo walivyosema. Ukipokelewa, ndoa imekubaliwa. Ukikataliwa, kijana anageuka na kwenda zake bila kuuliza sababu. Mama yake Ambokile aliolewa kwa mche huo, na bibi mwenyewe vilevile, toka shina lile lile.

Basi jioni ya Jumatatu Ambokile alimwita Kalista dukani. Kalista alikuja na gauni lake la bluu, nywele amesuka upya, marashi yanamtangulia. Shangazi yake Ambokile, Apolonia, aliyeuza ndizi kibanda cha jirani, alimkonyeza.

"Nina kitu cha mama yako," alisema Ambokile. Uso ulimwaka kwa furaha. Akafunua kitenge kilichokuwa chini ya meza. Ndani yake palikuwa na mche wa mgomba, mnene shinani, udongo mweusi bado unashikilia mizizi.

Tabasamu la Kalista lilikufa taratibu.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa Bibi."

"Bibi yupi, Ambo?"

"Nina bibi wangapi? Wa ng'ambo."

"Umeuvusha mto?" Sauti yake ilikuwa imeshageuka ya ofisini. "Na kibali?"

Ambokile alicheka. "Kibali cha nini tena? Ni wa Bibi!"

"Mche wa kutoka nchi nyingine hauingii bila kibali na bila kukaguliwa. Hata uwe wa Bibi." Kalista alifungua mkoba, akatoa glavu na mfuko mkubwa wa plastiki. "Huko kuna ugonjwa wa migomba. Huu siwezi kuupeleka kwa Mama. Nitaandika kwamba umeusalimisha mwenyewe, ili usipate matatizo. Kesho utachomwa."

"Kalista." Ambokile alisema jina hilo polepole. "Unaukataa?"

"Naukataa. Na wewe ungejua ninachokijua, ungeukataa."

Ambokile alikunja kile kitenge, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona kitambaa kwa sindano isiyokuwa na uzi.

Usiku huo Kalista alipiga, simu haikupokelewa. Kesho yake pia. Siku ya tatu ujumbe uliingia: *Msalimie mama. Iringa sitakuja. Nakutakia heri.*

Kalista aliusoma akiwa amesimama kati ya makreti ya miche ya parachichi, akakaa chini hapo hapo. Mtu anamwacha mwanamke kwa sababu ya mgomba? Alikasirika. Halafu akalia. Halafu akakasirika tena kwa sababu amelia. Jumapili mama yake alipiga.

"Anakuja au haji?" aliuliza mama. "Maana nimeshawaambia majirani, na majirani zangu unawajua."

"Nitakujulisha, Mama."

Alivumilia mpaka Jumatano, kisha akaenda Mwanjelwa. Duka la fundi lilikuwa limefungwa. Apolonia alikuwa amekaa nyuma ya mikungu yake, amejifunga khanga mbili kwa baridi, uso umenuna.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuchoma na hizi?"

"Shangazi, nimekosa nini? Niambie mimi, kama yeye ameshindwa."

Apolonia alimtazama kwa muda. Akamwona macho yalivyovimba, akasogeza kiti. "Kaa. Hivi kweli hukujua ule mche ulikuwa wa nini?"

Akamweleza yote. Kalista alisikiliza, mkono mdomoni.

"Aliniuliza kama naukataa," alisema mwishowe. "Nikasema naukataa. Mbele ya watu!"

"Mbele yangu mimi. Chapati ilinikwama kooni."

"Mbona hakuniambia?"

"Mche hausindikizwi na maneno, mwanangu. Na wewe, mbona hukuuliza kabla ya kuvaa yale maglavu yako? Ulivyoyavaa ungedhani umeletewa maiti."

Kalista akauliza, "Kwa Bibi kunafikikaje?"

Jumamosi asubuhi alivuka mpakani Kasumulu, kwa njia ya halali, kitambulisho mkononi. Joto la bondeni lilimpokea kama mvuke wa sufuria. Alivua koti, akabaki na gauni lake la bluu, akauliza njia mpaka akafika kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na migomba. Kikongwe kimoja kifupi kilikuwa mlangoni kinapepeta mchele.

"Ugonile, Bibi. Shikamoo. Mimi ni Kalista."

"Yule wa kuchoma?"

"Ndiyo, Bibi. Yule yule."

Bibi alimpima toka juu hadi chini, akaridhika na gauni. "Huyo mjukuu wangu anajua kushona. Haya, umefuata nini? Majivu?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa namna nilivyofanya. Lakini nilichofanya, Bibi, ningekifanya tena. Naomba unionyeshe shamba."

Bibi aliacha kupepeta. "Njoo," alisema.

Migomba ya mbele ilikuwa mizuri. Lakini nyuma ya nyumba, kule ambako mgeni hafikishwi, Kalista alisimama. Shina baada ya shina, majani ya juu yalikuwa mafupi, membamba, yamebanana na kusimama wima kama ufagio. Hapakuwa na mkungu hata mmoja. Alifunua ganda la shina, na vidukari weusi walikuwa wamejipanga ndani.

"Ulikuwa unajua, Bibi," alisema kwa upole.

"Nilijua inakufa. Kinachoiua sikukijua." Bibi aligusa shina kwa kiganja. "Nikachimba mche uliokuwa mzima kwa macho. Nikasema walau mmoja uende mbali, ukaishi kwa watu wengine, ukoo wangu usipotee wote. Ndiyo maana nilimpa mlangoni. Sikutaka aone huku nyuma."

"Unakuwa mzima kwa macho, Bibi, na ugonjwa uko ndani. Ungefika kwa Mama, hawa wadudu wangehamia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Wangesambaa mpaka Tukuyu, kwenye migomba yote tunayokula."

"Basi hakuna dawa?"

Kalista alitamani kusema uongo. "Hakuna. Ing'olewe, ichomwe. Kuna miche safi inayooteshwa maabara, watu wa kilimo wa huku watakusaidia uipate. Nitawatafuta mwenyewe. Lakini shina hili, Bibi, ndio mwisho wake."

Bibi alikaa juu ya kisiki. Hakulia. Alitoa simu ndogo kifuani, akaiweka mbali na macho, akabonyeza.

"Ambokile? Uko wapi? Kwa binamu yako? Kumbe uko hapa mtoni tu, umejificha kama panya! Njoo hapa. Mkeo yuko shambani kwangu ananipa habari mbaya, na mimi sina mtu wa kunishika mkono."

Alifika kabla chai haijachemka, shati limelowa jasho, suruali imekunjwa magotini. Alipomwona Kalista alisimama. Bibi alimwashiria tu nyuma ya nyumba.

Walikwenda wawili. Ambokile alitembea kati ya migomba aliyochezea utotoni, akishika jani moja, akiacha, akishika jingine.

"Imekuwa hivi lini?" alinong'ona. "Na mimi nilitaka kuipeleka kwa mama yako."

"Hukujua."

"Shangazi Apolonia angeuza nini? Tukuyu nzima ingekula nini?" Alifunika uso. "Nami nikakununia kama mtoto."

"Na mimi nilikuona kama mzigo wa kukagua," alisema Kalista. "Nilipaswa kuuondoa ule mche mkononi mwako kwanza kwa upendo, halafu ndio nivae glavu. Nimekumiss, fundi."

"Nimekukumbuka mpaka nimeshona suruali ya mteja miguu mitatu."

"Muongo!"

"Muulize mwenyewe. Anataka kunipeleka serikali za mitaa."

Walicheka, kisha wakacheka tena. Jua lilianza kuinama, na ilibidi warudi kabla mpaka haujafungwa. Kalista akakumbuka kazi yake.

"Simama hapo. Usinisogelee. Tumepita kwenye vidukari, hatuvuki mpaka tukaguane. Nyanyua mikono."

Alimkung'uta mabega, akapekua mikunjo ya shati, akageuza kola. Kidukari mmoja alikuwa pale shingoni; akamponda kwa kucha. Kisha Ambokile naye akamkagua yeye, mshono kwa mshono, mikono ile mipana aliyoishona mwenyewe, vidole vyake vikienda polepole kuliko kazi ilivyotaka.

"Fundi, huo si ukaguzi tena."

"Natafuta kwa makini, afisa."

"Nyie!" Bibi aliita toka jikoni, moshi ukimzunguka. "Mche wangu haufiki tena kwa mama wa huyo binti. Sasa wewe Ambokile utaoaje na kimya chako? Mgomba umeshindwa, mdomo ufanye kazi!"

Wanaume wote wa ukoo wa Ambokile walikuwa wameoa bila kutamka neno. Hapakuwa na wa kumuiga. Alishika mkono wa Kalista, uliokuwa na harufu ya utomvu, na masikio yakamwiva.

"Kalista... mimi... sijui wanaanzaje. Nataka niamke nikukute. Nataka unikague mpaka tuzeeke. Unioe... hapana. Nikuoe. Unakubali?"

Kalista alimwacha ateseke kidogo tu, kiasi cha pumzi moja.

"Nakubali," alisema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyejaa machozi.

"Amesema nini?" Bibi akapaza sauti. "Semeni kwa nguvu, huku kuni zinalia!"

"Nimekubali, Bibi!" Kalista alipiga kelele mpaka ndege wakaruka.

Toka jikoni kikatoka kigelegele kirefu, kimoja, cha mwanamke mzee. Nyumba ya pili ikakipokea bila hata kujua ni cha nini, kisha ya tatu, kikaenda hivyo kuelekea mtoni.