Mtandao Uitwao Bado Nipo

Jua lilikuwa linazama Mwalimu alipomwomba mumewe asimamishe gari. Lilikuwa basi dogo walilolifanya nyumba: kitanda nyuma, jiko kando ya mlango, antena ya intaneti juu ya paa. Wanafunzi wake walikuwa wakimsubiri mtandaoni, na tangu waiache lami simu haikushika mtandao hata chembe.

"Hapa hatulali," mume alisema.

"Nani kasema kulala? Kipindi kimoja tu, mume wangu, kisha twende."

Akasimama shingo upande, kando ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa zamani.

Mwalimu alifungua simu. Mtandao ulikuwa mmoja tu, una nguvu tele, wala hautaki neno la siri. Jina lake: BADO NIPO.

"Riziki hiyo!" Akacheka, akabonyeza.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa garini. Simu ikaita. Namba hakuna. Picha hakuna. Pumzi tu... za shida, kama za mtu aliyelaliwa na mzigo.

"Mwenzangu," sauti ya mwanamke ikanong'ona. "Usiogope. Wewe sina neno nawe. Mwambie mume wetu antena imelegea."

Mume wetu?

Mwalimu alimgeukia. Jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka kidevuni.

"Si uliniambia mkeo wa kwanza alikufa kwa homa?"

"Zima hiyo simu!"

Kwaruu... kwaruu... Kucha juu ya paa.

"Alikufa kwa nini?"

Mume aliziba masikio. "Alipanda kurekebisha antena, nikaondoa gari makusudi. Nilikuwa nimemchoka! Akaanguka... Nilipomwacha hapa alikuwa bado anapumua."

Kwaruu...

Mume aliinuka. Si kwa hiari yake. Miguu ilimtangulia, yeye akiburutwa nyuma yake. Akafungua mlango. Akaishika ngazi ya kupandia paani.

"Nishike," alilia. "Nishike, mke wangu..."

Mwalimu hakumshika.

Nyayo zake zikasikika paani.

Kisha kishindo.

"Kiuno changu! Nipe mkono!"

Alichungulia. Mume alikuwa chali juu ya kokoto, peke yake, akimnyooshea mkono. Huruma ilimjia Mwalimu. Lakini yule mke wa kwanza naye bila shaka alinyoosha mkono hivihivi. Je, huyu alimhurumia?

Akafunga mlango, akashika usukani.

Makelele yalimfuata kitambo. Yakafifia. Hakugeuka nyuma mpaka magurudumu yalipokanyaga lami na taa za mji zikaanza kuonekana kwa mbali. Hapo ndipo alipopunguza mwendo.

Nyuma yake kitanda kikalia.

Mtu alikuwa akijilaza. Polepole... kama anayekiuguza kiuno.

"Ahsante, mwenzangu," sauti ileile ya simuni ilisema. "Mimi hulala upande wa ukutani."