Ushungi wa Severa

"Mzigo! Mzigo! Mguu wako dada, mguu!"

Severa aliokoa mguu, akasahau kichwa. Mchukuzi aliyebeba furushi la henga za nguo alipita mbio katikati ya Mtaa wa Narung'ombe, na henga moja ikanasa kwenye nywele zake zilizolala mabegani, nyeusi, zimenyooka, zinang'aa. Alipiga ukelele. Mchukuzi wala hakugeuka. Angeburutwa mpaka Msimbazi kama kijana mmoja mwenye shati la bluu lililopigwa pasi asingeruka kutoka dukani kwake na kulidaka lile furushi.

"Tulia dada, usivute, utaziharibu bure." Akazinasua taratibu. "Zote hizi ni zako?"

"Kwani nimekwambia nimeziazima?"

"Samahani. Mimi nauza vitu vya nywele, nimezoea kuona za kununua. Naitwa Heriel."

"Mtu wa Machame. Hiyo lafudhi haijifichi."

"Na wewe unayejua lafudhi za watu?"

"Severa. Wa Kibosho. Nauza vitenge Mtaa wa Uhuru, na nimechelewa."

Alichelewa zaidi, maana alikubali soda. Kutoka soda wakahamia kwenye simu, na kutoka kwenye simu wakafika pale ambapo kila mtu wa mtaa ule alimwita Severa shemeji. Heriel alimpenda kweli, hilo tusimnyime. Ila alikuwa mfanyabiashara mpaka kwenye mapenzi. Kontena la dawa mpya ya kulainisha nywele lilipofika, kopo la kwanza alimpa mpenzi wake, na tangu siku hiyo kila Severa akipita dukani Heriel aliwaambia wateja, "Mnamwona mchumba wangu? Anatumia hii hii." Severa alicheka na kugeuza kichwa ili waone vizuri.

Baba mdogo Rogath, kule Machame, alikuwa ameshawaandaa wazee kupeleka posa Kibosho. Ni hapo ndipo Severa alipotokea na ushungi.

"Mbona leo kama unaenda madrasa?" Heriel alimtania.

"Jua kali, mpenzi."

Kesho yake mawingu yalitanda, na ushungi ulikuwepo. Keshokutwa ulikuwepo, mweusi, umebanwa pini kidevuni. Heriel alinyoosha mkono amrekebishie pembeni, Severa akaruka kama aliyeguswa na pasi ya moto. Nguo zake zilinukia udi.

"Nimekuudhi, laazizi?"

"Hapana. Usiniguse kichwa tu."

"Basi tuyaache. Jioni twende tukale kitimoto pale petu."

"Sitaki kitimoto. Tukale kuku."

Heriel alimkodolea macho. Binti wa Kibosho anakataa nyama ya nguruwe! Angemwambia ana malaria asingeogopa vile. Kuku mwenyewe alimla bila kumsikia ladha.

Sofia, jirani yake anayeuza mabegi, mwenye wigi la kufika kiunoni na mdomo usio na breki, ndiye aliyekuja kummaliza.

"Kaka Heriel, hongera! Shemeji kasilimu lini?"

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Jana nimempa asalaam aleikum, kaitikia vizuri kabisa. Ila kaka, mbona wewe bado? Au anayeolewa naye ni mwingine?"

Alicheka akaenda zake. Heriel hakucheka. Alichukua simu.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Niko... kazini."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliye kwake: "Severa, ingia ndani, bibi anakusubiri."

"Nani huyo?"

"Mteja," Severa alisema, na simu ikakatika.

Mteja gani anamwita muuzaji aingie ndani kwa bibi? Wivu ulimpanda Heriel mpaka masikio yakawaka. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake, ushungi, udi, kitimoto. Severa anabadilishwa dini aolewe, na yeye anaachwa akiandaa posa kama mjinga. Akapiga Machame.

"Baba mdogo, simamisheni kwanza."

"Tusimamishe nini? Ndizi za pombe ya mbege zimeshaiva!"

"Nina wasiwasi na huyu binti."

Habari haichelewi kutoka Machame hadi Kibosho. Siku ya pili mama yake Severa alimpigia mwanawe akilia, na Severa akampigia Heriel. Simu ikapokelewa na Sofia.

"Katoka kidogo, shemeji. Mimi nashika duka."

Severa alikumbuka wigi la kufika kiunoni. Alishika ukingo wa ushungi wake akaona amejibiwa kila alichotaka kuuliza. Kumbe ndiyo maana posa imesimama. Hakupiga tena, na Heriel naye hakupiga, kila mmoja akingoja mwenzake aungame.

Jumamosi Heriel alifunga duka mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamfuata kwa mbali. Severa alikata kona, akaingia Mtaa wa Sikukuu, akabisha kwenye nyumba moja ya zamani yenye baraza. Akafunguliwa na kijana wa kanzu nyeupe. Heriel alihesabu moja, mbili, uvumilivu ukamwishia, akaenda kuupiga ule mlango kwa ngumi.

"Wewe ndiye unayemuoa mchumba wangu?"

Kijana, Hafidhi, ambaye kazi yake ni kushona nguo jirani na duka la vitenge, alirudi nyuma hatua moja. "Kaka, mimi nina mke. Yule amekuja kwa bibi."

Heriel alimsukuma kwa bega akapita mpaka uani, akasimama. Severa alikuwa ameketi kwenye mkeka, ushungi uko magotini. Kichwani hakukuwa na zile nywele. Kulikuwa na vinyweleo vifupi, vimejikunja, na katikati yake madoa ya ngozi iliyoungua, mengine yamepona, mengine bado yamevimba. Ajuza mwembamba alikuwa anampaka mshubiri kwa ncha ya kidole, na pembeni chetezo cha udi kinafuka.

Severa aliuvuta ushungi kwa mikono miwili. Ajuza akamzuia.

"Muache aone. Kijana, kwenu hamuamkii watu wazima?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mimi Mwanamkuu. Hafidhi alimkuta huyu analia nyuma ya duka, akamleta kwangu. Kichwa kilikuwa kidonda kitupu. Nikazikata zilizobaki, kuziacha ilikuwa ni kumtesa."

"Nani kakufanya hivi, Severa?"

"Kopo lako."

Heriel alikaa chini palepale kwenye sakafu, na lile shati lake la pasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, na kila siku unanigeuza mbele ya wateja? Nilijua siku nikikosa nywele, unanikosa na mimi. Wigi linanitonesha, ushungi hautoneshi. Kitimoto nilikuwa nakitamani mpaka nalia, ila mtu kavaa ushungi anakula nguruwe, wewe ungetaka wanitazameje? Badala ya kuniuliza, ukasimamisha posa. Mama yangu anaona aibu kwenda kusali jumuiya. Na Sofia wako anapokea simu."

"Sofia alishika duka, nilikuwa benki, naapa. Severa, kosa ni langu. Makopo yote nayatoa dukani leo. Nampigia baba mdogo sasa hivi, waende Kibosho wiki hii hii."

"Wasiende."

"Hunitaki tena?"

"Nakutaka, ndiyo balaa langu. Ila wasubiri mpaka nywele zangu zifike hapa." Aligusa ncha ya sikio.

"Mwaka huo," alisema Bi Mwanamkuu.

"Na zitakuwa hivi hivi zilivyo, za kipilipili, sizilainishi tena. Kama unanitaka mimi, utasubiri. Kama unataka nywele, zimejaa dukani kwako, chagua."

Heriel alipiga simu, akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Baba mdogo, posa ipo, ila ni mpaka mwakani."

"Mwaka mzima! Binti kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimemkosea mimi. Nilimuunguza kwa dawa yangu, halafu nikamshuku. Kichwa chake hakina nywele, baba, na nampenda hivyo hivyo. Naomba uwaambie wazee, na mama yake umwambie hivyo hivyo nilivyosema, usipunguze."

Severa alikuwa ameapa moyoni kwamba hatalia mbele ya mwanaume huyu. Alijifuta kwa ushungi, akaukunja, akauweka kando.

"Mwambie miezi sita," alisema.

"Miezi sita hazifiki sikioni, mwanangu," alisema Bi Mwanamkuu.

"Najua, bibi."