Kesi ya Maji ya Lambo

Kila asubuhi pale Ulemo, enzi za Mwingereza, kazi yangu ilikuwa kuteka maji. Kisima kilikuwa ng'ambo ya kilima, na lambo la ng'ombe lilikuwa nyuma tu ya boma letu. Basi nilimuaga mama kama mtu wa kisimani, nikapenya kwenye ua wa minyaa, nikajaza kibuyu lamboni, kisha nikacheza mpaka muda wa kwenda kisimani na kurudi utimie.

Mwaka ule tumbo likamshika mdogo wangu Selina, akakonda akabaki macho tu. Akaja bwana afya, Bwana Ezekieli, na baiskeli yake. Kwa neno alilotoka nalo mafunzoni, akamwambia baba kwamba katika kijiji kizima amechagua kesi moja tu ya kusoma, nayo ni ya nyumba yetu.

Kwetu kesi ilikuwa baraza na jela. Habari ilifika mjini Kiomboi kabla tairi za baiskeli hazijapoa. Baba akavaa kabuti lake la vita vya Burma, jua likiwaka, akakaa kungoja hukumu. Jirani yetu Marietha akamwambia, "Umefanya vyema, shemeji. Jela kuna baridi."

Bwana Ezekieli aliuliza tunakula nini, choo kiko wapi. Mimi akaniuliza ninakoteka maji. Nikasema kisimani, maana nikitaja lambo baba atafungwa. Akaenda kukikagua kisima, akakikuta ni safi. Akarudi akikuna kichwa, akaacha dawa, akaonya kwamba haitamponya Selina kama kinachomuumiza bado anakila au kukinywa.

Alipokuwa anashika baiskeli, Selina akaomba maji. Mama akachota kibuyuni. Kata ilipokaribia mdomo wa mtoto, nikaipiga ikaanguka.

"Ni ya lambo," nikasema. "Nifungeni mimi, baba mwacheni."

"Nani afungwe?" akauliza Bwana Ezekieli.

"Si umesema kesi, bwana?" baba akajibu.

Bwana Ezekieli akaegemeza baiskeli, akakaa chini. "Hii si ya baraza, mzee. Nachukua nyumba moja, naichunguza mpaka mwisho, nijue la kuziambia nyumba mia." Akanigeukia. "Kwa hiyo Luciana, ukinidanganya hapa, umezidanganya zote mia. Na wa kwanza kuumia ni huyu mdogo wako."

Baba akavua kabuti, akalikamua. Jasho lake lilinywesha mbuzi watano.

Selina alipona kwa dawa na maji ya kuchemshwa. Siku hizi mjukuu wangu wa chuoni ananieleza uchunguzi kifani, yaani kusoma kesi moja ili kuelewa nyingi, ni nini. Namwacha amalize, kisha namwambia kwamba kifani chenyewe ni mimi.

Na kesho yake, baada ya siku ile ya kesi, nilivuka kilima hadi kisimani. Maji matamu kama yale sijaonja tena, na hapo sidanganyi.