Karatasi ya Chai

Hilal Matar alikuwa na duka Kiwalani na gari moja kuukuu. Siku hiyo ya masika alitaka kumpeleka mkewe, Wahiba, Bagamoyo. Mama yake Wahiba alikuwa mgonjwa sana.

Akawasha waipa za kufuta mvua kiooni, hazikwenda. Honi nayo kimya. Hilal hakuhangaika. Alifungua boneti, akachomoa fyuzi, kile kichupa cha kioo chenye waya mwembamba ndani. Waya ulikuwa umekatika. Akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya chai, akairudisha.

"Ufundi gani huo?" aliuliza Wahiba.

"Mie nafanya hivi kila mara. Chai si ipo dukani?"

Waipa zikacheza. Wahiba akapanda na mtoto wao, Bahiya. Hawakufika hata barabara kubwa, moshi ukawatokea miguuni.

"Baba Bahiya, moto!" Wahiba alipiga kelele, akaruka chini na mtoto.

Jirani yao Kornelio, dereva wa lori la serikali, alikuja mbio akachomoa waya wa betri. Moshi ukapungua. Hilal aliwakimbilia Wahiba na Bahiya. Mke na mtoto wake walikuwa wamekalia moto aliouwasha kwa mkono wake mwenyewe.

"Bwana Hilal," alisema Kornelio, "fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Ni mlinzi. Wewe umemfunga mikono."

"Sasa nifanye nini? Mama mkwe ananingoja."

"Usiliwashe gari kwanza. Tafuta kilichoikata fyuzi."

Wakafuata nyaya. Waya wa honi ulikuwa umesuguliwa na bati la gari mpaka ngozi yake ya plastiki ikatoka, shaba ikawa inagusa bati na kukata fyuzi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Wakaweka nyaya mpya mbali na bati, wakazifunga vizuri. Kornelio akaleta fyuzi mbili.

"Soma namba kwenye ile iliyokatika. Weka ya namba hiyohiyo, usizidishe. Hii nyingine ni ya akiba."

Wahiba hakupanda mpaka alipozisoma namba mwenyewe.

Walifika Bagamoyo alasiri. Mama alikuwa hai, akampakata mjukuu wake. Hilal alitazama miguu midogo ya Bahiya, mizima.

Waya ulioungua aliutundika dukani, juu ya pakiti za chai. Akija dereva kuomba ile karatasi ya kung'aa, Hilal humshika mkono, akamwambia, "Njoo kwanza uunuse waya huu."