Miche Iliyopigwa na Upepo

"Hakuna mzigo umewahi kuharibika kwa pikipiki yangu," Wepukhulu alisema, akipangusa tangi. "Nimebeba mayai. Nimebeba kitanda na mwenye kitanda. Sasa miche ni nini, bana?"

Mama yake, Phelista, alikuwa ameinama kwenye chemchemi, akichota maji kwa kikombe. Zamani chemchemi hiyo, nyuma ya shule moja ya Bungoma mjini, ilijaza ndoo kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Sasa ndoo moja ilikula saa nzima. Sukuma wiki yake ilikuwa imejikunja majani. Maji yakikauka, bustani nayo imekwisha. Na bustani hiyo ndiyo iliyomsomesha Wepukhulu mpaka kidato cha nne.

"Ile mikaratusi tulikata ndiyo ilikuwa inakunywa haya maji," alisema Mwalimu Viola, msimamizi wa klabu ya mazingira ya shule hiyo. "Mkaratusi ni mzuri kwa nguzo, lakini si mti wa kando ya maji."

"Na hapa tupande nini, mwalimu?" Phelista aliuliza.

"Miti ya kwetu. Mkuyu, murembe, lusiola. Ilikuwa hapa kabla ya mji. Majani yake yanaoza, udongo unakuwa laini, unashika mvua na kuiachilia pole pole. Hata nyuki na ndege watarudi. Mzee Kimaiyo wa Kitale ako na miche, na ametupatia bure."

Basi Wepukhulu akapanda pikipiki.

Kule Kitale, Mzee Kimaiyo alimkabidhi miche sitini. "Kijana, funika na gunia yenye maji," alisema. "Na uende pole pole. Upepo unakausha majani kuliko jua."

"Sawa, mzee," Wepukhulu alijibu, na maneno yakatokea sikio la pili. Alifunga makreti, miche ikiwa imesimama wima kama abiria, akaondoka mbio.

Njiani alisimama Chwele kunywa soda. Siku hiyo ilikuwa ya soko, na jirani yao, Mama Khadijo, alikuwa amekuja kununua vitunguu. Aliitazama miche. Majani yalikuwa yamelala.

"Wewe Wepukhulu, hizi miche zimechoka. Chukua hii gunia yangu, tuimwagie maji."

"Mama Khadijo, gunia itashika upepo, inipunguzie mwendo."

Akamwachia vumbi.

Shuleni, wanafunzi walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na chupa yake ya maji. Makreti yalishushwa. Majani yalikuwa makavu kama majani ya chai, na yakiguswa yalivunjika.

"Nini imefanyika?" Mwalimu Viola aliuliza.

"Ni huyo mzee," Wepukhulu alisema. "Ati mtaalamu. Si alinipea miche migonjwa."

Phelista aliinua ndoo yake. Haikuwa imefika nusu.

Mwalimu Viola alipiga simu Kitale. Mzee Kimaiyo hakubishana. Mvua ilikuwa karibu, na chemchemi haikuwa na muda wa kungoja kesi. Siku ya tatu alikuja mwenyewe na pikapu, miche mingine sitini ikiwa chini ya magunia yaliyolowa. Majani yalimeta.

Aliwaonyesha wote. Toa mfuko wa plastiki wa mche, lakini usivunje udongo wa mizizi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, zisiliguse. Weka uzio wa miiba, maana mbuzi hana habari na mazingira. Wepukhulu alichimba mashimo mengi kuliko mtu yeyote, macho chini. Mzee hakumuuliza lolote. Hilo lilimchoma kuliko matusi.

Kila darasa lilichukua miti yake ya kutunza. Shule ikifungwa, majirani walishika zamu, wa kanisani na wa msikitini.

Miaka miwili ikapita. Januari ikaja na jua lake, lakini ndoo ya Phelista ikajaa kabla hajamaliza kusalimiana na Mama Khadijo. Nyuki walikuwa kwenye maua mekundu ya murembe. Phelista alilia kidogo, kisha akaita watu wote wanywe chai pale pale, kushukuru. Mzee Kimaiyo alipewa kiti cha mbele.

Wepukhulu akasimama, maana mdomo wake haujui kukaa.

"Tunamshukuru Mungu, tunashukuru shule, tunashukuru mzee," alisema. "Lakini wanafunzi, mjue hii kitu inaanza na usafiri. Siri ni gunia yenye maji. Mimi tangu nijue pikipiki, sijawahi kubeba mche bila gunia."

Mama Khadijo aliweka birika chini.

"Gunia gani?" aliuliza kwa upole. "Ile nilikupea Chwele ukakataa?"

Wanafunzi wakageuka. Mzee Kimaiyo naye akageuka, taratibu, kikombe mkononi.

"Kumbe," alisema.

Phelista akamsogezea mzee sukari, kisha akamtazama mwanawe.

"Baba, ile 'asante' umesema vizuri sana," alimwambia. "Sasa mwambie mzee ile neno ingine, ya ile miche ya kwanza."